Mashine Vitani: Nani Hubeba Mzigo?

Wahariri wameniomba niandike juu ya hadithi za kubuni za kisayansi, hasa zile za vita, kwa kuwa wanachama wenzangu wanajua ya kwamba hadithi hizo zikinipata hata kengele ya chakula siisikii. Nimekubali, lakini kwa sharti moja. Nitaanzia mbali angani kama wanavyotaka, kisha nitawashusha hapa kwetu Ukambani, kwa sababu nina jambo la kuuliza ambalo vitabu hivyo havikunijibu.

Kwanza tuelewane hadithi zenyewe ni zipi. Mwaka 1898 Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kuhusu viumbe wa sayari ya Mirihi wanaoivamia Uingereza wakiwa ndani ya mashine ndefu za miguu mitatu. Mwaka 1903 akaandika hadithi fupi yenye magari makubwa ya chuma yanayovuka mahandaki na kuwashinda askari wa miguu. Watu waliisoma kama ndoto, lakini tarehe 15 Septemba 1916 huko Ufaransa vifaru vya kwanza viliingia vitani, kila kimoja kikiwa na uzito wa takriban tani 28 na watu wanane ndani. Baadaye, mwaka 1959, Mmarekani Robert Heinlein akaandika Starship Troopers. Humo askari wa miguu huvaa deraya yenye nguvu zake mwenyewe, akaruka juu ya nyumba na kubeba silaha ambazo watu kumi wasingeziinua. Naye Joe Haldeman, aliyejeruhiwa katika vita vya Vietnam, alitoa The Forever War mwaka 1974, akaonyesha kwamba ndani ya deraya hiyo kuna kijana anayeogopa na anayetaka kurudi nyumbani.

Msidhani lakini kwamba mambo haya ni ya wazungu peke yao. Sisi Wakamba tulikuwa na Syokimau, mtabiri wa kike aliyeishi katika karne ya 19. Wazee wanasimulia kwamba alimwona nyoka mrefu akitoka upande wa bahari kwenda kwenye maji mengine makubwa, na watu wa rangi ngeni wakibeba moto mifukoni. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Viktoria. Moto wa mfukoni ukawa ni kiberiti. Jameni, hiyo kama si hadithi ya kisayansi ni nini? Hata Kiswahili chetu kina mchango wake. Gari la vita lenye minyororo tumeliita kifaru, jina la yule mnyama wa Tsavo mwenye ngozi ngumu ambaye akianza kukimbia haulizi njia. Mwenye kubuni jina hilo aliiona mashine vizuri kuliko wengi walioandika kurasa mia tatu.

Sasa nije kwenye swali langu. Muhula wa pili chama chetu kilifanya mdahalo, hoja ikiwa kwamba katika vita vya siku zijazo mashine zitachukua nafasi ya askari wa miguu. Mimi nilikuwa upande wa upinzani. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Nne, ambaye ulimi wake ni wembe, alisimama akataja ndege zisizo na rubani, roboti na deraya za Heinlein, ukumbi ukashangilia. Zamu yangu ilipofika niliuliza neno moja tu: mashine hiyo ikiishiwa mafuta porini, nani humletea? Watu walicheka, eti nimeleta mambo ya petroli katika habari za nyota. Mwenyekiti akagonga meza, wakati ukaisha. Hapa katika jarida hakuna wa kunigongea meza, kwa hiyo nitamaliza hoja yangu.

Vita vya mashine vilifika Afrika Mashariki mapema sana. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Waingereza walikuwa Kenya na Wajerumani Tanganyika. Vikosi vya Wajerumani vilikuwa vikipenya nyika kavu kutoka upande wa Kilimanjaro kuja kutega baruti kwenye reli. Mwaka 1916 magari ya deraya ya Rolls-Royce yalikuwako katika mapigano ya upande wa Taveta. Mwezi Machi mwaka huo Jenerali Smuts aliingia Tanganyika akiwa na magari, mizinga na farasi, akitaraji kumaliza kazi upesi.

Basi mvua ikanyesha. Matope yakayameza magurudumu, na kikosi kilichokuwa kimefika Kondoa Irangi kikakatikiwa na njia ya chakula. Mbung'o nao wakafanya kazi yao, na farasi, nyumbu na ng'ombe wakafa kwa maelfu. Gari likikwama na punda akifa, mzigo hubaki palepale chini, na vita havingoji. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Waingereza walimpa Mkamba, Mkikuyu, Mjaluo, Mnyamwezi mwenyewe, na kila aliyekuwa na kichwa na mabega. Jeshi hilo la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na sisi tukalifanya Kariakoo. Ndiyo asili ya jina la Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mwaka 1917 serikali ilimpa John Ainsworth kazi ya kukusanya wanaume kwa wingi kutoka wilayani, na hapo ndipo vijiji vingi vilibaki na wazee, wanawake na watoto.

Hebu tufanye hisabati kidogo, hata wale mnaoikimbia. Mpagazi alibeba takriban kilo 25. Wewe uliyezaliwa Kitui au Makueni unaujua uzito huo bila mizani, maana jerikeni ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20 na ushee. Ibebe kutoka mtoni hadi nyumbani, kisha ongeza kilo tano, kisha badala ya kufika nyumbani endelea kutembea siku kumi. Sasa tuseme mzigo ni unga, na mpagazi mwenyewe anakula kilo moja kwa siku. Kwenda siku kumi, kurudi siku kumi, amekula kilo 20 za mzigo wake. Anayepokea mbele anapata kilo tano tu. Ili askari mmoja apate kilo 25 mstari wa mbele, wapagazi watano watembee siku ishirini. Na hapo bado hatujabeba risasi, dawa, mahema wala viti vya maofisa. Kadiri jeshi lilivyosonga mbele kuelekea Morogoro, Rufiji na mpaka Msumbiji, ndivyo mstari wa wabebaji ulivyorefuka na chakula kilivyopungua.

Ndiyo maana wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa, na kwa kula vyakula vigeni ambavyo havikuiva. Takwimu rasmi za upande wa Waingereza zinataja vifo zaidi ya 95,000 vya wapagazi na vibarua, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba idadi ya kweli ni kubwa kuliko hiyo. Septemba 1916, mwezi uleule ambao vifaru vilitokea Ufaransa, Waingereza waliingia Dar es Salaam. Vitabu vya historia ya silaha hutaja habari ya kwanza kwa picha na michoro. Ile ya pili ilikwenda kwa miguu bila viatu.

Katika hesabu hiyo yumo mtu wa kwetu. Nyumbani ni upande wa Kibwezi, ingawa nasoma huku Kitui. Babu wa babu yangu alichukuliwa mwaka 1917, akimwacha mtoto wa kiume wa miaka kama mitano. Nyanya yangu aliolewa na mjukuu wake, kwa hiyo habari hii aliisikia kutoka kwa baba mkwe, yule mtoto mwenyewe, alipokuwa mzee. Likizo ya Aprili nilimkuta nyanya akipepeta pojo, nikamwomba anisimulie tena. Kwa kuwa nina jina la mumewe, yeye huniita mume wangu.

"Mume wangu," akasema, "walikuja asubuhi, yeye akiwa anafunga mzinga wa nyuki juu ya mti. Wakamwambia shuka. Akashuka. Mtoto akabaki ameshika kamba."

"Halafu?"

"Halafu nini? Wewe unataka kuwe na halafu. Hakuna. Yule mtoto mpaka amezeeka, akiona mzinga unafungwa alikuwa anaondoka."

Hakuna barua iliyokuja, hakuna mshahara wala kaburi. Kilichobaki ni jina, nalo kwa Kikamba lina maana ya mtu aliyerudi. Kwa desturi yetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake, na hivyo babu alilipata, nami nikalipata kwake. Kila asubuhi mwalimu wa darasa anapoita majina, na mimi nikajibu nipo, huyo mpagazi anaitwa pia. Nawaambia kweli, siku nilipolifikiria jambo hilo sikuweza kujibu sauti ikatoka vizuri.

Huenda msomaji akasema, hayo ni ya zamani, siku hizi kuna malori. Sawa. Mjomba wangu alikuwa mwanajeshi, sasa amestaafu. Majeshi yetu yalipoingia Somalia Oktoba 2011, yeye alikuwa dereva wa lori la maji. Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, kwamba mvua ilinyesha wiki zile na magari mazito yakakwama matopeni, sawasawa na mwaka 1916. Nilimwuliza juu ya magari ya deraya, maana ndiyo niliyotaka kusikia. Akatabasamu. "Mjomba, kila mtu hupiga picha na gari la deraya. Hakuna anayepiga picha na lori la maji. Lakini siku ya tatu bila maji, hao wote walio ndani ya chuma wanakutazama wewe kama Mungu." Akaongeza kwamba gari likizama, deraya au si deraya, watu huteremka wakashika koleo.

Kwa hiyo nashikilia neno langu la mdahaloni. Mashine haiondoi mzigo vitani. Huuongeza, kisha huuhamishia kwa mtu aliye nyuma ambaye hadithi haimtaji. Kifaru cha tani 28 kinataka mafuta mengi. Deraya ya kurukia nyumba inataka fundi, vipuri na ghala. Heinlein alituonyesha askari akiruka. Hakutuambia jina la mtu aliyeisukuma kreti ya risasi hadi mlangoni pa chombo. Ukisoma hadithi ya vita yenye mashine nyingi na isiyo na mbebaji hata mmoja, ujue kuna mtu ameachwa porini.

Na kuachwa huko si maneno tu. Aprili 2021 Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba makumi ya maelfu ya waliokufa katika vita hivyo, na pengine laki kadhaa, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina kama wenzao wa Ulaya, na wengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi huohuo. Ukienda Nairobi, barabara ya Kenyatta, utaona sanamu tatu za shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Amesimama vizuri, lakini hana jina. Asante ya punda ni mateke, na hii ya kukiri baada ya miaka mia moja ni afadhali kuliko mateke, ila jina haliwezi kurudishwa na ripoti. Litarudishwa na mwenye kulijua.

Ndipo nawageukia wenzangu. Wengi hapa mnangoja siku ya kuandikishwa jeshini, maana Ukambani jeshi ni kama mila. Nendeni, sitawazuia, lakini mjue kwamba huenda ukapewa lori la maji na si kifaru, na kazi hiyo isikuonee haya. Nanyi mnaoandika hadithi za kisayansi kwa ajili ya chama, andikeni vita vya nyota mpendavyo, lakini katika kila kikosi mwekeni mpagazi mmoja, mpeni jina na mama anayemngoja. Marehemu Katama Mkangi, katika riwaya yake ya mwaka 1995, alimrusha Dzombo angani hadi sayari ya mbali, na ile sayari akaiita Walenisi. Ligawanye jina hilo polepole utasikia linasema nini: wale ni sisi.

Likizo hii, kabla hujaomba pesa ya kwenda sokoni, mkalishe nyanya au babu umwulize kama katika ukoo wenu kuna aliyekwenda Kariakoo. Andika jina, kijiji na alichokuwa akifanya siku aliyochukuliwa, ulete kwa mwalimu mlezi wa chama. Mwalimu amekubali kutenga daftari moja kwa kazi hiyo. La kwanza nimekwisha kuliandika.