Dawa ya Meno Ina Kipimo

Kwa susu, yaani nyanya yangu, upande wa Matuu, siku ilianza kwa kijiti. Nyuma ya zizi palikuwa na mukayau, mti ambao Waswahili wa Pwani huuita mswaki. Susu alikata tawi changa, nene kama kidole cha mwisho, akatafuna ncha mpaka nyuzi zikachanuka. Ulimi uliwasha, mate yakajaa. Jumamosi alisaga kipande cha kaa, akatia chumvi, tukasugua kwa kidole na kuchekana vinywa vyeusi.

Mwaka 1984 nilipokwenda bweni, orodha ya shule ilitaka Colgate. Hivyo ndivyo tulivyoiita dawa yoyote ya meno, na hadi leo dukani utasikia mtu akiagiza, “Nipe Colgate ya Close-Up.” Tyubu yangu ya kwanza ilikuwa ya bati laini. Niliikunja kutoka mkiani hadi ikapasuka kwenye mikunjo, na mwisho wa muhula nikaichana kwa wembe nikakomba kilichobaki. Tuling'arishia raba nyeupe, tukalamba kisirisiri. Ndani mna nini? Ndani mna Colgate. Jina lilitosha kuwa jibu.

Swali lenyewe lilinijia baadaye sana, tulipokuwa tumepanga Mlolongo. Mtoto wangu Mwende aliota meno ya mbele ya utu uzima yakiwa na mabaka ya kahawia. Nilimpeleka kwa daktari nikiwa tayari kushtaki peremende. Akamwangalia kinywani, akaniuliza, “Mama Mwende, huyu amekulia maji gani?”

Maji ya kisima kirefu cha ploti, nikasema, na tena nachemsha. Akatikisa kichwa. Chini ya tambarare za Athi kuna miamba ya volkano za kale, na maji yanayokaa humo huyeyusha floridi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Baadhi ya visima vya huku hupita hapo. Kuchemsha hakusaidii: mvuke huondoka, floridi hubaki sufuriani. Meno yanapoumbika ndani ya taya, miaka ya kwanza ya mtoto, floridi ikizidi huyaachia mabaka. Na Mwende, juu ya maji hayo, alikuwa akimeza dawa ya meno yenye ladha ya stroberi kama uji.

Usiku ule nilisoma tyubu kwa mara ya kwanza maishani. Kalisiamu kaboneti: ni ileile iliyomo katika jiwe la chokaa linalopikwa kuwa saruji pale Athi River, ila hapa imesagwa laini. Kazi yake ni ya kaa la susu, kusugua. Gliserini huzuia dawa isikauke. Sodiamu laurili salfeti ni ya povu, kama sabuni tu. Halafu floridi, iliyofungwa ndani ya fosfeti kwa sababu ikiachwa huru, kalisiamu ya chokaa huinasa kabla haijafika kwenye jino. Katika orodha yote ile, hiyo ndiyo iliyonipa sababu ya kusema “dawa”. Dawa ya watu wazima huwa na takriban miligramu 1,450 za floridi kwa kilo, karibu mara elfu moja ya kikomo cha maji.

Siku hizi supamaketi huuza dawa nyeusi ya makaa. Mimi hugeuza tyubu kwanza nisome orodha. Nyingine hazina floridi kabisa, na hapo nimerudi kwa susu, bila mukayau.

Mdogo wake Mwende alikunywa maji ya mvua kutoka tangini. Kabla hajatimiza miaka mitatu nilimpakia dawa kiasi cha punje ya mchele. Baadaye, punje ya njegere, na kutema.

“Mama, Colgate imeisha?” aliniuliza siku moja, akitazama brashi yake kwa huzuni.

“Haijaisha,” nikamwambia. “Hii ni dawa.”