Jongoo wa Bamburi

Kwa sisi tuliosoma shule za msingi za Kisauni katika miaka ya themanini, safari ya Bamburi ilikuwa na maana moja tu: kwenda kuona mamba wakilishwa. Machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji, haya tuyajuayo leo kwa jina la Haller Park, yalifunguliwa kwa wageni mwaka 1984, na shule za Mombasa hazikukawia kuyatia kwenye ratiba ya mwisho wa muhula. Mtoto alifungiwa mahamri na viazi karai, akaimba garini mpaka sauti ikakauka, akifika akapangwa mstarini. Kazi ilikuwa kuandika majina: kiboko, twiga, pofu, choroa, kobe. Kesho yake daftari zilisahihishwa, basi.

Siwalaumu walimu wetu. Mtihani wa darasa la nane haukuuliza miti ya pale iliotaje juu ya jiwe, na mwongozaji naye alikuwa na madarasa mengine yakimngoja langoni. Ila hakuna aliyetuambia tulikuwa tumesimama wapi.

Tulikuwa tumesimama ndani ya shimo. Kiwanda kilikuwa kimechimba mawe ya matumbawe tangu miaka ya hamsini, kikaacha uwanja mweupe wa kuumiza macho, hauna udongo wala kivuli, na maji ya chumvichumvi yako karibu chini yake. Mwaka 1971 René Haller, bwana shamba Mswisi aliyekuwa akifanya kazi hapo, alianza kupanda miti. Kati ya aina 26 alizojaribu zilistahimili tatu tu, mnazi ukiwemo, na mvinje ukaongoza. Mizizi ya mvinje ina vinundu vyenye vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo maana mti huu huweza kuishi mahali ambapo mingine hufa njaa.

Haya nimeyajua nikiwa mwalimu, nilipowarudisha watoto wa watu mahali pale pale nilipoandikia majina ya wanyama. Lakini haikuwa mara moja. Kuna miaka mtoto hakuwa na haja ya kitu kingine ila Owen na Mzee: yule kiboko mchanga aliyeokolewa pwani ya Malindi Desemba 2004, akaja kujibandika kwa kobe mkongwe wa Aldabra. Waandishi walimiminika, vitabu vikatungwa, na kila darasa lilivuta upande huo. Ilikuwa hadithi tamu, nami niliifurahia kama wengine, lakini iliumeza msitu mzima.

Somo lenyewe nilikuja kulipata kwa mzee mmoja mwongozaji, mtu wa maneno machache. Alitupitisha kwa twiga bila kusimama, akatuchutamisha chini ya mivinje. “Wanangu, chimbueni kwa vidole.” Juu palikuwa na majani makavu, membamba kama sindano. Chini yake chembe nyeusi, nyepesi, zenye harufu ya mvua. Kisha kucha zikagonga jiwe jeupe. Udongo wote wa msitu ule ulikuwa katikati ya vitu hivyo viwili. Akaokota jongoo mweusi mwenye miguu myekundu, akamweka kiganjani kwa msichana wa mbele, ambaye alipiga yowe halafu akakataa kumrudisha.

Mzee akaeleza kwamba majani ya mvinje yana tanini, hayaozi upesi. Yalirundikana tu mpaka Haller alipomwona jongoo wa aina hii akiyatafuna, akaagiza wakusanywe kwa mamia waletwe machimboni. Walichokula na kukitoa ndicho tulichokuwa tumekishika.

“Mwalimu,” akauliza yule msichana, “kwa hivyo hiki ni kinyesi?” Ndiyo, mwanangu. Nyani, maua na miembe ya kwenu vyote vinasimama juu ya kinyesi cha mtu.

Tangu mtaala wa umilisi ulipoingia madarasa ya chini mwaka 2019, mzazi hashangai tena mtoto akirudi na kucha chafu. Wakfu wa Haller, ulioanzishwa kuendeleza kazi ile vijijini, huwafundisha wakulima wadogo kuvuna maji ya mvua, kutengeneza mboji na kupulizia mwarobaini badala ya dawa za duka. Shuleni kwetu tumeyaiga tuliyoyaweza: rundo la mboji nyuma ya jiko, mchicha na sukuma wiki kwenye magunia. Mboji ya kwanza ilinuka hadi mpishi akagoma. Ya pili ikatoa mchicha ambao mpishi huyo huyo huuchuma kabla ya kuomba.

Wanyama bado wapo, na mtoto anayo haki ya kumshangaa twiga. Ombi langu kwa walimu wenzangu ni dogo. Msiwapeleke watoto Novemba, mitihani imekwisha na kila mtu amechoka. Wapelekeni Mei, masika yamelowesha majani na jongoo wametoka. Mwambieni mwongozaji mapema kwamba mnataka kuanza na udongo. Mamba hula saa za jioni, muda upo wa kutosha.