Siku Moja Pisa

Kila nikishika kikombe kidogo cha kahawa chungu pale Jaws Corner, Unguja, mawazo hunikimbilia Pisa. Usinishangae. Kaa, kahawa bado ya moto, nikueleze.

Mwaka 1986 nilikuwa Perugia, Italia, katika chuo kikuu cha wageni, nikijifunza Kitaliano. Tulikuwa vijana wa kila rangi, na kwetu Unguja tulitoka wawili. Jumamosi moja ya Aprili, mimi na mwenzangu tulidamka kabla ya alfajiri, tukashuka mlima hadi stesheni, makoti yameloa umande. Safari ilikuwa ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, maana pesa ya kulala hotelini hatukuwa nayo.

Treni za siku zile zilikuwa na madirisha ya kuteremsha kwa mkono. Behewa lilinuka sigara na maganda ya machungwa. Tulibadilisha treni Terontola, tukabadilisha tena Firenze. Mbele yetu alikaa bibi mmoja wa makamo, kanga yake ni kitambaa cheusi cha kichwani. Kufika Empoli akafungua kapu, akaanza kutukatia mkate. Alipotoa nyama ya nguruwe tukaweka mikono kifuani, tukashukuru. Akatutazama, akaelewa, akairudisha kapuni, kisha akatukatia pande la jibini kubwa kuliko mkate wenyewe. "Mangiate," akasema, kuleni. Hakuturuhusu kusema neno mpaka tumalize.

Kisha treni ikapunguza mwendo Pontedera. Mwenzangu akaruka kitini. "Bwana we! Hapa ndipo vespa zinapozaliwa!" Watu wakageuka. Wangejuaje? Kwetu vespa ni mtu wa nyumbani. Ami yake alikuwa nayo moja ya kijani, ikibeba watoto watatu na mkungu wa ndizi, na mtaa mzima ulijua kwa mlio wake kwamba chakula cha mchana kimekaribia. Basi alisimama pale dirishani, mikono juu ya kioo, kama mtu anayepita kijiji cha mama yake.

Kutoka stesheni ya Pisa tulikwenda kwa miguu. Tukavuka mto Arno kwa Ponte di Mezzo, maji ya rangi ya chai ya maziwa, tukaingia Borgo Stretto, mtaa wenye matao kando kando kama baraza za mjini kwetu. Hapo pua yangu ikasimama kabla ya miguu. Bajia! Nakuapia, harufu ya unga wa dengu unaoiva katika mafuta. Tukaifuata mpaka kwenye kiduka chenye tanuri la kuni. Muuzaji alivuta sinia pana la shaba, ndani yake mkate mwembamba wa manjano: unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, basi. Wenyewe wanauita cecina. Juu umebabuka, ndani laini kama uji mzito. Akakata kipande, akanyunyiza pilipili manga, akakifunga katika karatasi. Mafuta yalipenya mpaka vidoleni. Tulikula tumesimama, hatusemi kitu, kila mmoja yuko kwao.

Na kahawa pia tulikunywa tumesimama, maana Mtaliano hukigugumia kikombe chake mara mbili akaenda zake. Kikombe ni kile kile kidogo, uchungu ni ule ule. Tulichokikosa ni kashata na mahali pa kukaa.

Mnara hukutokea ghafla. Unapinda kona, na huo hapo, mweupe juu ya majani mabichi, umeinama kana kwamba umesikia jina lake likiitwa. Uwanja wenyewe unaitwa Piazza dei Miracoli, Uwanja wa Miujiza. Tukatazamana, maana sisi tumekulia chini ya Beit el-Ajaib, Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883.

Tukaupanda. Ngazi ni karibu 300, za marumaru, zimeliwa na nyayo mpaka zimekuwa na mabonde. Unapozunguka, mwili unasukumwa ukutani upande huu, kisha upande ule. Kuna mahali unapanda na miguu inakuambia unashuka. Vibaraza vya nje siku zile havikuwa na vizuizi. Nilitoka upande wa kusini, ule unaoinamia, nikaganda mgongo ukutani, viganja vimeshika marumaru baridi. Juu kabisa kuna kengele saba, na upepo wenye harufu ya bahari.

Tuliposhuka tukaingia katika jengo la ubatizo, duara kubwa lenye kuba. Mlinzi alisubiri watu watulie, akaimba sauti moja, kisha nyingine, na kuba likazishika zote, likazirudisha pamoja kama kundi la waimbaji. Mwenzangu akaninong'oneza, "Maulidi humu ingekuwaje?" Mpaka leo bado nalifikiria swali lile.

Mnara ulianza kujengwa mwaka 1173, msingi wa mita kama tatu tu katika udongo laini. Hata ghorofa ya tatu haijakaa sawa, ukaanza kuinama. Vita vikasimamisha kazi karibu miaka 100, na vita hivyo ndivyo vilivyouokoa, kwa kuwa udongo ulipata muda wa kushikana. Mafundi waliorudi walirefusha ghorofa za juu upande ulioinama ili waurudishe wima, ndiyo maana ukiutazama sana umepinda kidogo kama ndizi.

Mwenzangu aliuonea huruma. Aliponipiga picha aliinamisha kamera makusudi, mnara ukatoka wima na watu wote uwanjani wakatoka upande. Niliporudi Unguja nikamwonyesha bibi yangu picha hiyo, mtaani kwetu Malindi. Akaisogeza dirishani. "Mjukuu wangu, mnara mbona umesimama? Walioinama ni watu." Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe mgonjwa. Basi wasiuache peke yake. Mgonjwa haachwi peke yake."

Na hawakuuacha. Tarehe 7 Januari 1990 ulifungwa, baada ya mnara wa Pavia kuanguka mwaka uliotangulia na kuua watu wanne. Zaidi ya miaka kumi wataalamu walikaa kando yake wakiupima. Mwishowe walichota udongo chini ya upande ulioinuka, kidogo kidogo kwa miezi mingi, mpaka ukarudi kama sentimita 45. Ukafunguliwa Desemba 2001, bado umeinama, lakini salama. Siku hizi unapanda kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na begi unaliacha chini. Ndivyo inavyopasa, ingawa nikikumbuka ile marumaru baridi viganjani, nasikia vijana wa leo wamenyimwa kitu.

Beit el-Ajaib yetu ilisimama wima, kwa hiyo tulipita mbele yake kila siku bila kuinua macho. Tulimwonyesha mgeni milango yake, tukasema ndilo jumba la kwanza kupata umeme hapa, tukaenda zetu. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa katika kazi ya ukarabati, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walikufa. Usiku ule niliitoa ile picha katika sanduku la bibi, bado inanukia karafuu, nikaitazama mpaka macho yakachoka.

Bibi hayupo. Mwenzangu naye alitangulia. Mimi, jioni nikienda Forodhani, hupunguza mwendo nikifika mbele ya jumba lile, nikatafuta pa kukaa. Sina la kufanya. Nakaa naye tu.