Ripita inayougua usiku tu

Wasomaji wangu, leo tuweke kando kidogo mambo ya hifadhidata na seva. Nataka kuwasimulia habari za redio, lakini mtaona ni yale yale yanayotukosesha usingizi sisi waandishi wa programu: hitilafu inayokuja na kuondoka. Kitu kikifa kabisa utakipata tu. Kinachougua ukiwa haupo na kupona ukifika, hicho ndicho kinachomaliza watu.

Kuna kilima kule Taita Taveta chenye ripita inayotumiwa na walinzi wa hifadhi moja ya jamii. Kwa wasiojua, mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hivyo redio ya mkononi ya wati 5 ikizibwa na kilima haifiki mbali. Ripita hukaa juu ya kilima, husikiliza kwenye masafa moja na papo hapo hurudia sauti ile kwenye masafa nyingine kwa nguvu zaidi. Hii ilitoa wati 40. Umeme wake ni betri ya volti 12 inayochajiwa na sola.

Shida ilikuwa kwamba usiku mwingine nguvu zilishuka hadi wati 10 hivi. Hiyo ni robo, yaani desibeli 6 zimepotea, na waliokuwa mbali walisikia vipande vipande au hawakusikia lolote. Usiku mmoja ndovu waliingia mashambani. Mlinzi aliyekuwa zamu aliita mara kadhaa, kituoni hawakumsikia. Msaada ulipofika, shamba la mahindi la familia moja lilikuwa limeliwa lote. Mlinzi akaandikiwa barua ya onyo kwamba alilala kazini. Yeye aliapa kwamba aliita.

Mjomba wangu ni fundi wa redio huko. Alinipigia simu: "Mpwa wangu, kuja na kompyuta yako. Huyu mgonjwa anajifanya mzima kila daktari akipanda kilima."

Na kweli, mafundi walikuwa wamepanda mara tatu, zote mchana. Mita ilionyesha wati 40 na betri safi. Kwa kuwa usiku kilima kile hufunikwa na ukungu, kila mtu alishuku maji yameingia kwenye kebo ya antena. Konekta zilibadilishwa na pesa zikaenda. Hitilafu ikabaki.

Mimi nilisomea kompyuta, si umeme, kwa hivyo nilimuuliza mjomba maswali ya mtu wa programu. Je, tunaweza kutenganisha sehemu? Akasema ndiyo. Tulilala huko juu. Nguvu ziliposhuka, aliangalia mawimbi yanayorudi kutoka kwa antena, yakawa machache mno. Kisha akaitoa antena na kufunga mzigo bandia, yaani kipingamizi kikubwa kinachokunywa nguvu zote za transmita. Bado wati 10. Basi antena, kebo na ule ukungu vyote vikaachiliwa huru.

Ikabaki upande wa umeme. Nilikuwa nimebeba Arduino. Niliandika programu fupi ya kusoma volti mahali pawili, kwenye vichwa vya betri na kwenye mlango wa umeme wa redio, na kuandika kila kitu pamoja na saa kwenye kadi. Kila sekunde redio ikiwa kimya, mara kumi kwa sekunde ikiwa inarusha. Tukaiacha siku tatu.

Logi ilisema hivi. Redio ikiwa kimya hula karibu nusu ampea, na volti za pande zote mbili zilikaribiana sana. Ikirusha kwa wati 40 hula karibu ampea 10, na hapo volti 1 nzima ilipotea njiani. Volti 1 kwa ampea 10 ni kipingamizi cha omu 0.1. Mchana sola inachaji, betri iko 13.6, redio inapata 12.6 na inafurahi. Usiku betri iko 12.4, redio inapata 11.4. Redio ile ina kinga: volti zikishuka chini ya 11.5 ikiwa inarusha, inapunguza nguvu yenyewe ili isimalize betri.

Uzuri wa ujanja wake ni huu: nguvu zikipungua, redio inakula ampea chache, volti zinapanda tena, na mwenye mita anaona kila kitu kiko sawa!

Tulifuata waya kwa mkono. Kwenye kishikio cha fyuzi plastiki ilikuwa imegeuka rangi kwa joto, na ndani mguso umeota kutu ya kijani. Volti 1 mara ampea 10 ni wati 10 za joto, zote kwenye kidude cha ukubwa wa kidole. Kishikio kipya bei yake haifiki hata nauli ya mtu mmoja kupanda pale.

Niliyobeba kutoka kilimani:

1. Pima kitu kikiwa kazini. Waya mbovu haionekani mpaka mkondo mkubwa upite. Seva nayo ni hivyo hivyo, ijaribu watu wakiwa wengi.

2. Pima saa ile ile inayougua. Usiku ulikuwa na ukungu na ulikuwa bila sola. Mafundi waliona ukungu peke yake.

3. Acha kifaa kiandike. Mtu anachoka, anasinzia na anasahau.

Hilo la tatu lina mwisho wake. Mjomba alichapisha ile grafu, akampelekea meneja wa hifadhi na kumweleza polepole kwamba ripita ilimsikia mlinzi vizuri, ila yenyewe ndiyo haikufika kituoni. Barua ya onyo ikaondolewa kwenye faili. Shamba halikurudi, lakini jina la mtu lilirudi.

Kama nawe una mgonjwa anayejifanya mzima, simulia hapa chini tumpime pamoja.