Onyo Lililojificha Kwenye Mawaridi



Bi harusi mmoja alitupigia simu siku tatu kabla ya nikaha, analia. Alikuwa amepakwa piko mtaani, na mikono yake imevimba na kutoa malengelenge. Sisi, bila hata kumpa pole kwanza, tukamjibu: "Mbona tuliandika kwenye jarida letu?"

"Wapi, dada?"

Tukalifungua jarida la kampuni kwenye simu. Onyo lilikuwepo, ukurasa wa tatu, chini kabisa, kwa herufi nyeupe za mikogo juu ya mawaridi ya pinki. Hata sisi tulioliandika ilibidi tulikuze kwa vidole ndipo tulisome. Na jarida hilo tulikuwa tukisifiana nalo! Aina tano za herufi, dhahabu kila pembe.

Jioni moja tukakaa na kahawa yetu, tukaanza kufuta. Zikabaki aina mbili za herufi, nyeusi juu ya nyeupe, na nafasi ya kupumua kati ya habari na habari. Onyo likapanda ukurasa wa kwanza, ndani ya kisanduku: piko ni rangi ya nywele, mara nyingi ina kemikali iitwayo PPD, na haikutengenezwa kwa ajili ya ngozi. Hina ya majani haitakupa weusi ule, lakini ukiipaka siku mbili kabla ya shughuli, wekundu wake hukolea vizuri.

Ubishi ukaja kwenye aya. Tangu mwanzo tuliiweka aya ya 21 ya Sura Ar-Rum nyuma ya maandishi, kama pambo. Mmoja wetu akasema ikitoka, na baraka inatoka. Mkubwa wetu akauliza: zile nakala za karatasi tunazogawa dukani huishia wapi? Kimya. Tulishawahi kufungiwa vitumbua ndani yake. Aya ikatoka. Bismillahi tunaisema kwa ndimi zetu kabla ya kutuma.

Wapo wanaosema jarida sasa limekuwa kavu kama karatasi ya hospitali. Tumewaachia kikonyo kimoja cha asumini juu.

Yule bi harusi, ambaye ukumbini alikaa na glavu za lesi, tulimwendea kwake kumtaka radhi. Nakala ya kwanza tukampa yeye, tukamwomba alitafute onyo.

"Si hili hapa," akasema mara moja. Kisha akaligeuza. "Na bei za singo mmezificha wapi?"