Kifua cha mdogo wetu

Juma lililopita, katika kikundi, mama mmoja alituuliza kwa nini mdogo wetu haonekani tena bombani akibeba bidoni. Tulimjibu kwa kifupi, kwa sababu watu walikuwa wengi na wakati wa kuhesabu pesa za likelemba ulikuwa umefika. Leo tunajibu vizuri, na mdogo wetu mwenyewe ametukubalia tuandike.

Ana miaka 24. Ni mshonaji, mashini yake iko barazani kwetu, hapa Kadutu, inatazama njia. Maumivu yalianza mwezi wa tisa, ule wakati kila mama anataka sketi ya buluu ya mtoto wake iwe tayari kabla ya masomo kuanza. Alisema katikati ya kifua panachoma, na akivuta pumzi ndefu panachoma zaidi. Sisi tukamwambia ni uchovu. Tulijua moyo ni ugonjwa wa wazee wenye tansio, na yeye hajazaa hata mtoto mmoja.

Kitu kimoja kilitudanganya sana. Mchana alikaa kwenye mashini tangu asubuhi, ameinama juu ya kitambaa, bila kulalamika. Usiku, mara tu akilala chali, ndipo maumivu yakaanza. Tukasema moyoni (na siku nyingine kwa mdomo): huyu anaweza kushona saa nane mfululizo, lakini kuosha vyombo vya jioni hawezi! Usiku mmoja tuliamka saa tisa tukamkuta amekaa kwenye meza, kichwa kimelazwa juu ya daftari za wanafunzi wetu wa darasa la tano. Tukamuuliza kwa nini asilale kitandani kama watu. Akasema, "Yaya, hapa ndipo ninapopumua." Sisi tulikasirika kwa sababu daftari zilikuwa zimekunjika.

Duka la dawa la njiani lilituuzia vidonge vya vidonda vya tumbo. Baadaye vidonge vya maumivu. Hakuna aliyemwekea sikio kifuani. Alipoanza kukonda na kupata homa kila jioni, mama mdogo alisema ni karuho: kuna mteja mwenye deni aliyemletea chakula, na tangu siku ile hajapona. Mnajua maneno haya yanavyoingia nyumbani. Tulimpeleka kwa mtu wa dawa za kienyeji, akatapishwa majuma matatu. Nusu ya pesa tulitoa sisi, mwalimu mzima, na diploma ya ISP imetundikwa ukutani.

Mwezi wa kumi na mbili alipanda kutoka soko akiwa na mita chache tu za kitenge, akasimama njiani mara tatu. Jioni miguu ilikuwa imevimba. Kesho yake alikuja mama mmoja kuchukua libaya yake, mzee aliyefanya kazi ya kuzalisha miaka mingi. Hakutazama libaya. Alitazama shingo ya mdogo wetu, ambapo mishipa ilikuwa imesimama kama kamba, akauliza swali moja: "Binti, ukilala chali inauma zaidi, na ukiinama mbele inapungua?" Tukajibu wote pamoja, hata watoto, kwamba ndiyo. Akasema libaya ingoje, mtu aende hospitali leo, si kesho.

Hospitali walimpima moyo kwa ekografi. Daktari alituchorea kwenye karatasi, nasi tuliipenda namna yake ya kufundisha. Moyo umekaa ndani ya mfuko mwembamba wa ngozi mbili, na kati ya hizo ngozi mna maji kidogo tu, ili moyo ucheze bila kukwaruzwa. Mfuko ukishikwa na ugonjwa, unachoma, hasa mtu akilala chali au akivuta pumzi. Akiinama mbele anapata nafuu. Maji yakizidi, moyo unakosa nafasi ya kufunguka na kujaa damu. Ndipo miguu inavimba, mishipa ya shingo inasimama, na mtu anaweza kufa. Kumbe kile kiti cha mashini, tulichokifanya ushahidi wa uvivu wake, ndicho kilichokuwa kinampumzisha.

Walimtolea maji kwa sindano. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kifua kikuu. Tulibisha: hakohoi! Daktari akasema kifua kikuu hakikai katika mapafu peke yake. Kinaingia katika tezi, katika mifupa ya mgongo, katika mfuko wa moyo, na hapo mtu anaweza asikohoe hata kidogo. Walimpima na virusi vya ukimwi pia, kama wanavyomwomba kila mgonjwa wa kifua kikuu. Jibu ni lake. Watoto wadogo wa nyumba nao walipimwa.

Vidonge vya kifua kikuu ni vya bure. Ni miezi 6: 2 ya kwanza dawa za aina nne, kisha 4 ya aina mbili, bila kuruka siku. Mojawapo inageuza mkojo kuwa mwekundu-chungwa. Tulikuwa tumeambiwa tukasahau, na mdogo wetu alificha siku mbili akidhani anakojoa damu. Lakini ekografi, sindano na kitanda si bure. Tulilipa kwa pesa za likelemba, na zamu haikuwa yetu. Mama aliyetuachia zamu yake anasoma karatasi hii. Alikuwa ameweka pesa hizo kwa ajili ya mabati.

Si kila kifua kinachouma ni moyo. Kuna kiungulia, kuna misuli ya mtu aliyebeba mzigo, kuna wasiwasi, na tumeuona mwingi. Lakini tulimuuliza daktari mengine kwa ajili yenu. Kijana mwenye ugonjwa wa SS akiumwa kifua na homa, asingoje asubuhi. Mama aliyejifungua karibuni, akishindwa kupumua akilala, au mguu mmoja ukivimba na kuuma kisha kifua kikamchoma ghafla, vivyo hivyo. Na mtu wa umri wowote anayeumwa kifua huku akizimia, akitoa jasho baridi, akitema damu, au maumivu yakienda kwenye mkono au taya. Huyo apande moto, pesa zitafuatwa nyuma.

Darasani tunaye msichana aliyekuwa akisema mara kwa mara, "Mwalimu, kifua." Tulikuwa tunampa ufagio, tukidhani anakimbia hesabu. Sasa tumemuuliza: linauma lini, ukipanda kilima au ukiwa umekaa? Usiku unalala na mito mingapi? Tumemwita mama yake, na Jumanne wanakwenda kituo cha afya. Labda ni hesabu kweli. Tutaona.

Mdogo wetu yuko katika mwezi wa nne wa vidonge. Miguu imerudi, usiku analala chali. Anashona asubuhi tu, na daktari anataka kuutazama tena ule mfuko wa moyo dawa zikiisha, kwa sababu pengine unabaki umekauka na kukaza. Libaya ya yule mama ilimalizika mwezi wa pili. Mkono mmoja ulitoka mrefu kidogo kuliko mwingine, naye ameivaa hivyo hivyo kanisani.

Maji, kwa sasa, tunabeba sisi. Mkituona bombani saa kumi na mbili asubuhi tukiwa na bidoni mbili na mfuko wa daftari begani, tuachieni nafasi ya mbele. Kengele inalia saa moja na nusu.