Skrini ya Projekta: Kwanza Chumba, Kwanza Mtazamaji

Leo tuziweke kando hifadhidata. Kwa miezi miwili swali lililonisumbua jioni baada ya kazi halikuwa la programu. Lilikuwa hili: tuweke skrini gani ya projekta sebuleni? Watu wengi ninaowajua humaliza pesa zote kwenye projekta, na skrini inakuwa kitu cha kuokoteza mwishoni. Mimi naona ni heri kuanza na maswali mawili: nani atatazama, na chumba kina giza kiasi gani?

Nianze na nani. Mama yangu anaishi nasi. Macho yake yanaona pembeni, lakini katikati pameingia ukungu, hivyo nyuso za watu humpotea. Miwani haimsaidii tena. Daktari alisema kinachomfaa ni vitu vikubwa na vilivyo wazi. Kwa hivyo alikuwa akiketi kwenye kigoda, mita moja tu kutoka kwa runinga yetu ya inchi 43. Watoto kwenye kochi nyuma yake waliona kilemba chake kuliko walivyoona taarifa ya habari. Hawakulalamika, lakini Mama si mtoto. Alianza kusema amechoka, na ikifika saa mbili usiku anaingia chumbani. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu na karatasi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Picha ya inchi 100 ina upana mara 2.3 ya ile ya inchi 43. Maana yake, uso anaouona akiwa mita 1 kutoka kwa runinga, atauona kwa ukubwa ule ule akiwa mita 2.3 kutoka kwa skrini. Kochi letu liko mita 3 kutoka ukutani, na kiti cha pembeni kiko mbele yake kidogo, kama mita 2.3 hivi. Angeweza kurudi kuketi na wenzake.

Basi kwa nini nisichukue inchi 120 kabisa? Kwa sababu mwanga haugawanywi bure. Chukua projekta inayotoa lumeni 500 halisi ikiwa kwenye hali ya sinema (nambari kubwa iliyoandikwa kwenye kasha huwa ni ya hali nyingine, yenye rangi mbaya). Skrini ya inchi 100 ni sentimita 221 kwa 125, karibu mita mraba 2.76. Ya inchi 120 ni karibu mita mraba 3.97. Mwanga ni ule ule, lakini sasa umetandazwa mahali palipozidi kwa asilimia 44. Ukipiga hesabu, ya kwanza inakupa kandela 58 kwa kila mita mraba, ya pili 40. Kipimo kinacholengwa kwenye kumbi za sinema ni 48. Na taa ya projekta hufifia kadiri inavyozeeka. Nikaona inchi 100 inaniachia akiba.

Muuzaji mmoja mjini aliniambia tiba ni skrini yenye gaini kubwa. Gaini ni kipimo cha jinsi kitambaa kinavyorudisha mwanga kikilinganishwa na sehemu nyeupe ya kupimia, ambayo ni 1.0. Lakini skrini haina stima, haiwezi kuzalisha mwanga. Ile ya gaini kubwa huuvuta mwanga kuelekea kwa aliyeketi katikati na kumpunguzia aliye pembeni. Na pembeni kwetu ni kwa Mama. Kwa hivyo nikataka nyeupe isiyong'aa, gaini karibu 1.0, inayomtendea haki kila mtu.

Limebaki jambo la weusi. Projekta haiwezi kurusha rangi nyeusi. Weusi unaouona kwenye picha ni skrini tu isiyopigwa na mwanga. Kama chumba kina mwanga, weusi wako ni kijivu, na hakuna projekta itakayokuokoa. Hili huonekana haraka sana kwenye ngozi zetu. Sinema nyingi za maonyesho madukani ni katuni na bahari, vitu vinavyong'aa. Jaribu badala yake *Nairobi Half Life* ya mwaka 2012, zile sehemu za usiku. Mwanga ukivuja chumbani, cha kwanza kupotea ni uso wa mtu mweusi aliyesimama gizani. Kwa mtu ambaye nyuso zinampotea tayari, hiyo si dosari ndogo.

Nilibandika ukutani vipande vitatu vya kitambaa, kila kimoja ukubwa wa karatasi ya A4: cheupe, cha kijivu, na cha ile aina inayokataa mwanga wa pembeni. Nikatazama taa zikiwa zimewaka, kisha zikiwa zimezimwa. Zikiwa zimewaka, kile cha tatu kiliwashinda wenzake kwa mbali, ila kilififia nilipohamia kiti cha Mama. Zikiwa zimezimwa, cheupe kilitosha kabisa.

Na hapa ndipo sisi wa Nairobi tuna bahati. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Kufikia saa moja na nusu giza ni la bure, miezi yote kumi na miwili. Wenzetu wa kaskazini mwa Ulaya, ambako jua la Juni halitaki kulala, wana sababu ya kulipia skrini za bei kali. Mimi niliona heri ninunue pazia zito kwa ajili ya mpira wa Jumamosi jioni.

Skrini za kuvuta chini nilizikwepa, kwa sababu zile za bei nafuu hupata mikunjo, na kamera ikipita uwanjani mistari inacheza. Fundi seremala wa Gikomba alinitengenezea fremu ya mbao, tukawamba kitambaa cheupe na kuzungusha mahameli nyeusi ya sentimita 8 ili imeze mwanga unaomwagika kandoni. Mwenye nyumba alikubali skrubu mbili tu, zikatosha. Kuta zake nyeupe hakukubali zipakwe rangi, na nyeupe hurudisha mwanga kwenye skrini, kwa hivyo kando ya fremu tumening'iniza shuka za rangi ya kahawa.

Mama sasa ana kiti chake. Jioni ya kwanza alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Kumbe huyu msomaji wa habari ana mwanya." Tangu hapo saa mbili haimkuti chumbani, na analalamika kwamba watoto wanaongea sana.

Ukitaka kuanza wako: pima kutoka kwa mtazamaji mwenye shida zaidi hadi ukutani, nunua pazia, bandika vipande, kisha ndiyo uulize bei. Na ukijaribu, keti kwenye kiti kibaya kuliko vyote. Kikikuridhisha hicho, vingine havina neno.